Ukungu kama Sehemu ya Mandhari: Upigaji wa Picha Nyeusi na Nyeupe katika Ufuko wa Point Lobos, California

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna picha nyeusi na nyeupe za mandhari zinavyopigwa katika ufuko wenye ukungu, kwa kurejelea ufuko wa Point Lobos katika jimbo la California nchini Marekani. Ufuko huo umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ukungu wake wa kiangazi una chanzo kinachofahamika vyema. Pili, wapigapicha wawili mashuhuri wa karne ya 20, Edward Weston na Ansel Adams, waliishi karibu nao na kufanya kazi huko. Makala inajadili chanzo cha ukungu, mvutano wa kihistoria kuhusu picha zenye ukungu, upimaji wa mwanga, nafasi ya umbali katika utungo wa picha, uchaguzi wa muda wa kupokea mwanga, na kazi ya kusafisha picha. Hoja kuu ni kwamba ukungu ni sehemu ya mandhari yenyewe, na kwamba maamuzi ya kiufundi ya mpigapicha ndiyo yanayoamua iwapo sehemu hiyo itabaki au itafutwa.

Maneno makuu: ukungu, mandhari, picha nyeusi na nyeupe, upimaji wa mwanga, Point Lobos

1.0 Utangulizi

Mtu anayefika ufukweni alfajiri na kukuta ukungu umetanda huweza kudhani kwamba siku yake ya kupiga picha imeharibika. Upeo wa macho hauonekani, miamba ya mbali imetoweka, na jua halitoi kivuli. Vifaa alivyobeba navyo humthibitishia dhana hiyo. Kipimamwanga cha kamera hukutana na weupe mwingi na kuugeuza kuwa kijivu. Programu za kompyuta za kurekebisha picha huwa na kitufe maalumu cha kuondoa ukungu. Vyote viwili huuchukulia ukungu kama kasoro inayopaswa kusahihishwa.

Neno lenyewe la Kiswahili lina mafunzo yake. Ukungu ni wingu la matone madogo ya maji linalotanda karibu na ardhi au bahari. Lakini ukungu pia ni kuvu inayoota juu ya mkate uliochacha au nguo zilizokaa unyevuni. Maana zote mbili zinamhusu mpigapicha wa ufukweni. Hewa ileile inayompa mandhari anayoitafuta ndiyo inayoweza kuotesha ukungu wa aina ya pili ndani ya lenzi zake, iwapo atazifunga kwenye mkoba zikiwa na unyevu. Faida na hasara hutoka chanzo kimoja.

Vilevile, jina "picha nyeusi na nyeupe" linapotosha kidogo. Sehemu kubwa ya picha hizo si nyeusi wala si nyeupe, bali ni viwango vingi vya kijivu vilivyo katikati. Katika siku ya jua kali, viwango hivyo hutawanyika kutoka kivuli kizito hadi povu linalometa. Katika siku ya ukungu hubanana katika eneo dogo karibu na weupe. Kupiga picha katika ukungu ni kazi ya kutofautisha vijivu vinavyokaribiana, na ndiyo maana makosa madogo ya kipimo huonekana wazi zaidi kuliko siku nyingine.

2.0 Chanzo cha Ukungu wa Pwani ya California

Point Lobos ni rasi yenye miamba iliyoko kusini mwa mji wa Carmel. Imekuwa hifadhi ya jimbo tangu mwaka 1933. Hapo, na katika eneo la Cypress Point lililo jirani, ndipo penye misitu miwili pekee ya asili ya misaiprasi ya Monterey, miti ambayo vigogo vyake hupindwa na upepo wa bahari.

Ukungu wa huko huja hasa wakati wa kiangazi. Katika miezi hiyo pepo za kutoka kaskazini magharibi huvuma sambamba na pwani na kuyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu. Maji baridi ya kina kirefu hupanda juu kuchukua nafasi yake, hivyo joto la uso wa bahari hubaki takriban nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi hata wakati bara inaungua kwa jua. Hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji hayo hupoa, na mvuke wake huganda kuwa matone. Juu ya tabaka hilo hukaa hewa yenye joto zaidi, ambayo hufanya kazi kama kifuniko cha chungu: ukungu hauwezi kupanda, hivyo husambaa kwa ubavu na kuvutwa kuelekea bara.

Maelezo haya yanafafanua pia kwa nini hali kama hiyo ni nadra katika pwani ya Afrika Mashariki. Bahari kati ya Lamu na Mtwara ina joto la takriban nyuzi 25 hadi 30, na hewa inayopita juu yake haipozwi kiasi cha kuganda. Msomaji wa Tanzania au Kenya anaufahamu ukungu zaidi kutoka milimani, kwa mfano Usambara. Barani Afrika, pwani inayofanana na ya California ni ile ya Namibia, ambako mkondo baridi wa Benguela hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa wataalamu wa hali ya hewa, hali huitwa ukungu pale umbali wa kuona unapopungua chini ya kilometa 1. Ni kipimo muhimu kwa mpigapicha, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0.

3.0 Mvutano wa Kihistoria: Ukungu wa Lenzi na Ukungu wa Bahari

Tatizo la kupiga picha za bahari lilianza mapema. Katika miaka ya 1850, sahani za kioo zilizotumika kunasa picha zilikuwa na usikivu mkubwa mno kwa mwanga wa buluu. Mpigapicha aliyepima muda wa kutosha kwa maji alipoteza anga, ambalo lilitoka jeupe tupu. Mfaransa Gustave Le Gray alilitatua tatizo hilo kwa kuunganisha negativi mbili, moja ya anga na nyingine ya bahari, kama alivyofanya katika picha yake ya wimbi kubwa iliyopigwa Sète mwaka 1857. Kwa hiyo, tangu mwanzo swali la nini kiko mbele ya kamera na nini kimeongezwa baadaye limekuwa sehemu ya sanaa hii.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wapigapicha wengi walitaka kazi zao zitambuliwe kama sanaa sawa na uchoraji. Walitumia lenzi zinazolainisha mistari na mbinu za uchapaji zilizoiachia karatasi alama za brashi. Ukungu ulikuwa rafiki yao, kwa kuwa ulifanya nusu ya kazi hiyo. Mahali ambapo ukungu haukuwepo, lenzi iliuleta. Edward Weston mwenyewe alianza katika mkondo huo na kupata tuzo nyingi kabla ya kuuacha.

Mwaka 1932, Weston, Ansel Adams, Imogen Cunningham na wenzao walianzisha kundi la Group f/64, lililofanya maonyesho katika jumba la makumbusho la M. H. de Young mjini San Francisco mwezi Novemba mwaka huo. Jina la kundi lilitokana na tundu dogo sana la lenzi, ambalo huleta ukali wa picha kuanzia jiwe la karibu hadi upeo wa macho. Walipinga ulainishaji wa makusudi na kudai picha inayoonyesha kitu jinsi kilivyo.

Hapa ndipo swali lenye uzito linapojitokeza. Kama ukali ndiyo ukweli, je, mpigapicha wa mkondo huo afanye nini siku ambayo ukungu wenyewe umefuta mistari? Jibu linapatikana kwa kutenganisha aina mbili za ufifi. Ufifi unaoletwa na lenzi hufunika picha nzima kwa namna ileile: jiwe lililo miguuni na mwamba wa mbali vyote hulainika. Ufifi unaoletwa na ukungu hufuata umbali: jiwe la karibu hubaki na kila mkwaruzo wake, ilhali mwamba wa mbali hufifia. Aina ya kwanza ni pambo, na ya pili ni taarifa. Picha kali ya ufuko wenye ukungu, basi, haipingani na msimamo wa Group f/64, bali huutimiza.

Weston alihamia Carmel mwaka 1929 na kuendelea kuipiga picha Point Lobos kwa takriban miaka 20, akitumia kamera kubwa ya negativi za inchi 8 kwa 10 alizozichapa bila kuzikuza. Picha yake ya mwisho aliipiga hapohapo mwaka 1948, wakati ugonjwa wa Parkinson ulipokuwa umemdhoofisha. Adams alihamia Carmel Highlands, jirani na rasi hiyo, katika miaka ya 1960.

4.0 Upimaji wa Mwanga

Kipimamwanga hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba kila kitu kinachopimwa, kwa wastani, ni kijivu cha katikati, ambacho kwa kawaida huelezwa kuwa kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikielekezwa kwenye ukungu mweupe, hutoa kipimo kitakachoufanya ukungu huo uwe kijivu kizito kama moshi. Wanaoanza hulalamika kwamba picha zao za ukungu zimetoka chafu. Kumbe kamera imefanya ilivyoagizwa.

Suluhisho ni kuongeza mwanga. Katika upigaji picha, hatua moja maana yake ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Adams na Fred Archer, walipokuwa wakifundisha mjini Los Angeles, waliunda mfumo wa kanda unaogawa picha katika kanda 11, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 10 ambayo ni nyeupe kabisa, kanda moja ikitofautiana na jirani yake kwa hatua moja. Kijivu cha katikati ni kanda ya 5. Ukungu hafifu huwekwa vizuri katika kanda ya 6, na ukungu unaong'aa katika kanda ya 7, ambapo weupe bado una umbo ndani yake.

Mfano unaweza kusaidia. Kipimamwanga kikielekezwa kwenye ukungu na kutoa sekunde 1/125 kwa tundu la f/16, mpigapicha anayetaka ukungu ukae kanda ya 6 atatumia sekunde 1/60. Anayeutaka kanda ya 7 atatumia 1/30. Akipita hapo, hasa kwa kamera ya dijitali, ukungu huanza kuwa karatasi tupu isiyoweza kurejeshwa. Kisha hupima jiwe bichi la karibu. Likiangukia kanda ya 3, litakuwa jeusi lakini mikwaruzo yake itaonekana. Likiangukia kanda ya 4 au 5, picha nzima haitakuwa na nanga, nalo jicho litakosa pa kushika.

Kosa jingine linalorudiwa ni la kichujio chekundu. Katika milima yenye hewa safi, kichujio hicho huifanya anga ya buluu iwe nyeusi na hukata utando wa buluu wa mbali. Adams alikitumia mwaka 1927 alipopiga picha ya jabali la Half Dome. Wengi hudhani kitapenya ukungu pia. Hakipenyi. Utando wa buluu hutokana na molekuli za hewa, ambazo hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu. Matone ya ukungu ni makubwa mara nyingi kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo sababu ukungu ni mweupe. Kichujio kitabadilisha tu vitu vyenye rangi. Katika Point Lobos, kwa mfano, baadhi ya matawi ya misaiprasi yamefunikwa na mwani wa rangi ya machungwa, na kichujio chekundu huufanya ung'ae dhidi ya magome.

5.0 Umbali na Utungo wa Picha

Katika ukungu, umbali ndio brashi. Mwaka 1924 Mjerumani Harald Koschmieder alieleza kihesabu jinsi tofauti kati ya kitu cheusi na anga iliyo nyuma yake inavyopungua kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Kupungua huko si kwa mstari ulionyooka. Kila kipande sawa cha umbali huondoa sehemu ileile ya tofauti iliyobaki. Umbali wa mwisho wa kuona huchukuliwa kuwa pale ambapo imebaki asilimia 2 tu.

Tuseme umbali huo ni meta 400. Mwamba mweusi ulio meta 10 kutoka kwenye kamera utabaki na takriban asilimia 91 ya tofauti yake. Ulio meta 100 utabaki na asilimia 38. Ulio meta 200 utabaki na asilimia 14, na ulio meta 400 utakuwa ukingoni mwa kutoweka. Miamba minne yenye rangi moja imepewa viwango vinne vya kijivu, na mtazamaji anajua upi uko mbele ya upi bila kuambiwa.

Kutokana na hesabu hii yanafuata mambo matatu ya kiutendaji. Kwanza, utungo unahitaji kitu cheusi cha karibu. Bila hicho mtazamaji hana kipimo cha kulinganishia. Pili, vitu vya katikati vinapaswa kuwa katika umbali tofauti, kwa maana miti mitatu iliyo umbali mmoja itakuwa na kijivu kimoja na itasomeka kama ukuta. Tatu, kusogea kuna thamani kuliko kubadilisha lenzi. Lenzi ndefu huukuza mwamba uliofifia lakini haiongezi weusi wake. Hatua 50 za miguu kuuelekea humwongezea mpigapicha kile ambacho lenzi haiwezi kukinunua.

Ukungu pia hausimami. Huja kwa mikupuo, na mwamba huweza kutoka kanda ya 4 hadi ya 7 kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo mpigapicha mzoefu huweka kamera yake kwenye stendi, hutunga picha akizingatia kile kinachobaki, kisha husubiri kile kinachopita.

6.0 Maji, Muda na Usalama

Mwanga wa ukungu ni laini na mdogo, na hali hiyo humpa mpigapicha uhuru wa kuchagua muda. Sekunde 1/250 husimamisha wimbi na matone yake. Nusu sekunde huacha mistari ya povu inayoonyesha maji yalikotoka na yanakokwenda. Kichujio cheusi cha hatua 10, ambacho hupunguza mwanga takriban mara 1,000, hugeuza sekunde 1/30 kuwa sekunde 34 hivi, na bahari hulainika kama maziwa. Anayetumia filamu huongeza zaidi, kwa kuwa filamu nyingi hupoteza usikivu katika muda mrefu. Jambo hilo lilichunguzwa na mwanaastronomia Karl Schwarzschild tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Mwingereza Michael Kenna amejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya muda mrefu wa namna hii. Mjapani Hiroshi Sugimoto, katika mfululizo wake wa picha za bahari alioanza mwaka 1980, amefuata njia nyingine: bahari na anga hugawana picha nusu kwa nusu, na katika baadhi ya picha ukungu huufuta mstari unaozitenganisha. Hata hivyo, muda mrefu una hatari yake katika ufuko wenye ukungu. Maji yakilainika kabisa nayo huonekana kama ukungu, na mtazamaji hushindwa kutofautisha ukungu wa kweli na ule uliotengenezwa na kamera. Hoja ya sehemu ya 3.0 hurudi kwa mlango wa nyuma. Pale ukungu unapokuwa ndiyo mada, muda wa kati unaoacha umbo la wimbi mara nyingi hufaa zaidi.

Kuna jambo la usalama ambalo halipaswi kupuuzwa. Katika pwani ya California, baada ya mawimbi madogo ya muda mrefu, huweza kuja ghafla wimbi kubwa linalopanda miamba iliyokuwa mikavu. Ukungu hulificha wimbi hilo hadi liwe karibu, na maji yenyewe ni baridi kiasi cha kumnyima mtu nguvu za kuogelea. Mpigapicha hutakiwa kuchunguza ratiba ya kupwa na kujaa, kulitazama eneo kwa muda kabla ya kushuka, kukaa mbali na miamba iliyolowa, na kutoipa bahari mgongo anapoinamia kamera. Hakuna kijivu chenye thamani ya maisha.

7.0 Kusafisha Picha

Uamuzi mzito zaidi hufanyika baada ya kuondoka ufukweni. Mandhari ya ukungu huweza kuwa na tofauti ya hatua 3 au 4 tu kati ya weusi wake na weupe wake, wakati karatasi ya picha inaweza kubeba zaidi. Katika chumba cha giza, filamu ikiachwa kwenye dawa muda mrefu kuliko kawaida, tofauti hiyo hupanuka. Adams alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake The Negative cha mwaka 1948. Katika kompyuta, kazi hiyohiyo hufanywa kwa kusogeza vitelezi vichache.

Swali ni kiasi gani. Upanuzi wa hatua moja humrudishia mtazamaji kile ambacho jicho la mpigapicha lilikizoea ufukweni, maana jicho hujirekebisha na kuona tofauti ndogo. Upanuzi wa kupita kiasi huigeuza asubuhi ya ukungu kuwa alasiri ya mawingu. Kitufe cha kuondoa ukungu huenda mbali zaidi: hukadiria ukungu kulingana na umbali na kuutoa, kikiirudishia miamba ya mbali weusi ambao siku hiyo haikuwa nao. Kinachofutwa hapo ni ile taarifa ya umbali iliyoelezwa katika sehemu ya 5.0.

Jambo hili lina uzito nje ya sanaa. Utafiti wa James Johnstone na Todd Dawson uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba ukungu wa kiangazi katika pwani ya misitu ya miti mikubwa ya redwood ya California umepungua kwa takriban asilimia 33 tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Miti hiyo hupata sehemu ya maji yake kutokana na ukungu unaodondoka kwenye majani wakati wa kiangazi kisicho na mvua. Picha iliyopigwa na kusafishwa kwa uaminifu haichukui nafasi ya vipimo vya kituo cha hali ya hewa, lakini huhifadhi sura ya kitu kinachopungua.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kila hatua ya kupiga picha nyeusi na nyeupe katika ufuko wenye ukungu ina njia mbili: kuuchukulia ukungu kama uchafu wa kuondolewa, au kama kitu kilicho mbele ya kamera sawa na jiwe na maji. Kipimamwanga kisichosahihishwa huugeuza kuwa moshi. Kichujio chekundu hakiupenyi. Lenzi ndefu haiushindi. Muda mrefu huuchanganya na povu, na kitufe cha kompyuta huufuta. Kwa upande mwingine, hatua moja au mbili za mwanga wa ziada, jiwe jeusi la karibu, miamba iliyopangika kwa umbali, na upanuzi wa kiasi wakati wa kusafisha vinatosha kuuacha ukungu uonekane jinsi ulivyokuwa. Kwa wanafunzi wa upigaji picha wanaosoma kwa Kiswahili, kanuni hizi zinaweza kujaribiwa bila kusafiri hadi California. Asubuhi ya Lushoto, ambapo mabonde ya Usambara hujazwa na ukungu, ina umbali, weupe na vijivu vya kutosha kwa zoezi la kwanza.